Mwaka Nilipokula kwa Mjomba Melkiori

Mjomba Melkiori alifariki Jumanne asubuhi, akiwa ameketi kwenye ukingo wa tuta akifunga kamba za maharage. Jumapili iliyotangulia tulikuwa tumeongea kwa simu. Alikuwa na miaka sabini na tisa, lakini usidhani kifo chake kilitarajiwa. Mzee yule alipanda na kushuka mlima kila siku, na hata panadol alikuwa akiiona ni ya watu wa mjini. Katika simu ile alilalamika kuhusu tumbili wanaomaliza mahindi, akaniuliza habari za magoti yangu, akacheka nilipomwambia daktari amenikataza kupanda vilima. "Basi ndiyo umetuacha, mama," akasema. Aliniita mama tangu nikiwa na miaka kumi na minne. Aliyenipa habari ya kifo ni Skola, binti yake, saa tatu asubuhi, nikiwa nyumbani kwangu Mazimbu nachagua mchele. Alisema, "Dada, baba amekaa tu pale shambani, haitiki." Nimefundisha watoto wadogo miaka mingi, najua mtu anavyotafuta maneno mepesi kwa jambo zito. Nikaweka ungo chini, nikamwambia nakuja.

Magoti nikayasahau. Nilipita Mlali, nikashuka barabara ilipoishia, nikapanda kwa mguu mpaka nyumbani kwake, nikapumzika mara nne njiani. Wakati wanawake wakilia sebuleni, mimi niliingia chumba kidogo cha ndani kuweka begi langu, na hapo ndipo mwaka ule uliponirudia wote kwa pamoja. Kitanda ni kingine sasa, ukuta umepakwa chokaa, lakini chumba ni kilekile. Nilikaa humo miezi kumi na moja, nikirudia darasa la saba katika shule ya kijiji, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa nimefeli. Sababu nyingine zilizonitoa kwetu Dumila na kunipeleka kwa mjomba sitazieleza. Kila nyumba ina zake. Inatosha kusema kwamba mjomba alikuja mwenyewe kunichukua, akabeba godoro langu kichwani, na njia nzima hakuniuliza hata swali moja kuhusu mtihani.

Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi, vyumba vitatu, na kuta za ndani hazikufika juu. Ziliishia kimo cha mtu mrefu aliyenyoosha mkono, na juu yake palikuwa wazi mpaka kwenye bati. Mtu akipiga chafya chumba cha kwanza, wa chumba cha tatu anamwambia afya. Asubuhi ukungu uliingia mlangoni kama mtu wa humo ndani, na baridi ya kule haina mfano kwa mtoto aliyezoea vumbi la Dumila. Kitanda nilichopewa kilikuwa cha Skola. Yeye, mdogo wangu kwa mwaka mmoja, alihamishiwa jikoni, kibanda cha nyuma, akalala karibu na mafiga. Siku ya kwanza nilimwambia turudi tulale wote. Akanijibu, "Jikoni kuna joto bwana, wewe utaganda peke yako humo," na akacheka, nami nikaamini kwamba alikuwa amepata bahati. Mtoto wa miaka kumi na minne huamini anachotaka kuamini.

Chakula cha nyumba ile nakikumbuka kuliko masomo. Asubuhi magimbi au viazi vya kuchemsha na chai ya rangi. Mchana ndizi za maharage. Jioni ugali na njegere zilizopikwa na vitunguu tu, au majani ya maboga. Msimu wa matunda tulikula mapichisi mpaka midomo ikawasha. Tulikula wanawake pamoja jikoni, mjomba peke yake sebuleni, lakini kila asubuhi kabla sijaenda shule aliniita. "Mama, njoo uage." Nikienda kuaga, mezani palikuwa na yai moja la kuchemsha, amekwisha kulimenya, na chumvi kidogo kwenye kipande cha gazeti. Nilikula nimesimama, yeye akinitazama, kisha ananiambia, "Haya, nenda kasome." Kuku walikuwa watatu. Sikuwahi kumwona Skola akila yai mwaka ule, isipokuwa Pasaka. Skola aliacha shule mwaka huohuo, akawa anashuka na mama yake siku za soko, tenga la karoti kichwani. Mimi sikushushwa hata mara moja. Nilipoomba kwenda nao, mjomba alikasirika, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwake. "Wewe hukuja kubeba karoti," akasema.

Mkewe, ambaye wote tulimwita Mama Skola, alikuwa mtu wa haki na wa maneno machache. Hakuninyima kitu wala kunisema. Ila wakati mwingine, akinigawia mboga, mkono wake ulisimama kidogo hewani kabla haujamimina. Nilidhani ni mkono unaouma.

Ilikuwa baada ya masika, mchana, siku ambayo sikwenda shule kwa sababu nilikuwa na homa. Nilijilaza chumbani nimejifunika mpaka masikioni. Mjomba na mkewe walikaa sebuleni wakimenya njegere. Nilizisikia zikianguka kwenye sufuria, kwanza kwa kelele, kisha kimyakimya jinsi sufuria ilivyokuwa ikijaa. Nadhani waliamini nimelala usingizi. Mama Skola akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Skola anakonda. Mayai yote kwa mgeni."

"Yule si mgeni," mjomba akajibu. "Wageni ni ninyi."

Mama Skola akachukua njegere nyingine.

"Nikifa leo, wewe na Skola mtamtazama nani usoni? Si yeye? Ardhi hii ni ya mama yangu, na mama yangu hana mjukuu mwingine wa kike katika ukoo wake. Acha ale. Mtoto aliyekula kwako hatakufukuza."

Kwa msomaji asiye wa kwetu lazima niseme jambo hili. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, tunaouita lukolo, na ardhi huufuata ukoo huo. Mwanamume hulima ardhi ya mama yake, lakini watoto wake mwenyewe ni wa ukoo wa mke wake. Akifa, shamba linarudi kwa watoto wa dada yake. Mjomba alikuwa na dada mmoja tu, ambaye ndiye mama yangu, na mimi ndiye binti yake pekee. Nilikuwa nimelijua hilo kama mtu anavyolijua jina la wilaya yake, bila kulifikiria. Siku ile ndiyo niliyolielewa. Matuta yale yote yenye maji, ambayo Skola alikuwa akiyapalilia huku mimi nikisoma, yalikuwa yangu. Na mayai yalikuwa na sababu. Nilijiona kama kuku anayefugwa kwa ajili ya sikukuu.

Jioni homa ikapanda nikaanza kuongea ovyo. Mjomba alinifunga mgongoni mwake kwa khanga ya mkewe, mimi msichana wa miaka kumi na minne mwenye miguu mirefu, akanishusha hadi zahanati ya misheni. Mvua ya mchana ilikuwa imefanya njia iwe utelezi. Alivuka mto mdogo maji yakimfika magotini, akiongea nami muda wote ili nisisinzie, akinitajia jina la kila mwenye shamba tulilopita. Nakumbuka jasho la shingo yake lilikuwa moto kuliko homa yangu. Na nakumbuka, kwa aibu, kilichokuwa kichwani mwangu: nilikuwa nikijiuliza amenibeba mimi au amebeba shamba. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Mjomba wangu alitenda wema akabaki palepale kungoja, na mimi nililiona hilo kuwa kosa kubwa kuliko yote.

Nilifaulu. Mjomba alinisindikiza hadi Mlali siku nilipoondoka, akanipa kikapu cha njegere nimpelekee mama, nikamshukuru kama mtu anavyomshukuru mwenye duka. Sikumkasirikia waziwazi, ningesema nini? Nilisoma, nikawa mwalimu, nikaolewa, nikahamia Mazimbu. Mama yangu alipofariki, kikapu cha njegere kikaanza kuja kwangu. Kila mavuno Skola alishuka nacho mwenyewe, akakiweka mlangoni, akakaa kidogo, akanywa chai, akaondoka. Mimi nilimpa sukari, au vitenge, au daftari za wanawe. Nilidhani ni salamu za mlimani. Kila kikifika nilisikia njegere zile za sebuleni zikianguka kwenye sufuria, lakini nilikula, kwa kuwa njegere za kule ni tamu na mimi ni mlafi.

Halafu mwaka mmoja Skola alikuja nikiwa na wageni, walimu wenzangu watatu. Mmoja wao, mwanamke wa maneno mengi, akakitazama kikapu akasema kwa kunitania, "Mwalimu Emiliana, naona kwenu bado wanakulea." Wakacheka. Mimi nilihisi uso ukiniwaka. Nilimfuata Skola nje, nikamrudishia kikapu chake kikiwa kimejaa, nikamwambia kwa upole ule wa uongo tunaoutumia sisi watu wazima, "Mdogo wangu, usihangaike tena. Njegere sokoni zipo tele. Hizi lisha wanao." Skola alinitazama muda mrefu. Akauliza, "Dada, una hakika?" Nikasema nina hakika. Alikipandisha kichwani akaondoka, na mimi nilirudi kwa wageni nikiwa nimeridhika moyoni. Nilitaka wajue kule mlimani kwamba Emiliana halishwi tena na mtu.

Wiki mbili baadaye mjomba alikuja Mazimbu. Hakuwa na kawaida ya kuja. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, kofia magotini, akapokea chai.

"Skola anasema kikapu amerudi nacho."

"Nimemwambia asihangaike, mjomba. Njegere sokoni zipo."

Alitazama ndani ya kikombe. "Ni kweli," akasema. "Zipo."

Akamaliza chai, akauliza habari za watoto, akaomba ruhusa ya kuondoka mapema asije akakosa usafiri. Nilimfungia sukari kilo mbili. Alikuwa ametoka mlimani alfajiri kwa ajili ya maneno yale machache, na mimi sikujiuliza kwa nini. Nilifikiri, mzee amekuja kujionea kama uwekezaji wake bado ni mzima. Ndivyo nilivyofikiri hasa, na sipambi. Misimu sita ikapita bila kikapu. Simu alipiga, Krismasi nilikwenda, jogoo mkubwa akachinjwa, tukazungumza mambo ya mvua.

Siku ya kuanua matanga, baada ya watani kumaliza kumwigiza marehemu anavyotembea na kofia yake, wakatuchekesha mpaka Skola mwenyewe akafuta machozi ya aina nyingine, ukoo ulikaa sebuleni. Aliyeongoza ni Mzee Aleksi, binamu wa marehemu, ndiye mkubwa wa ukoo wetu sasa. Aliongea taratibu, kama mtu anayesoma kitu alichokwisha kukiandika.

"Marehemu alilima hapa kama mtoto wa ukoo, hilo halina neno. Binti yake si wa ukoo. Yeye alilima kwa ngoto. Sasa ngoto imekatika mwaka wa sita huu. Kwa hiyo shamba linarudi. Emiliana hakai huku, basi vijana wa ukoo watalilima."

"Ngoto gani?" nikauliza.

Watu wawili watatu wakaguna. Mzee Aleksi alinitazama asijue kama natania. "Mwalimu anauliza ngoto gani," akasema. Akanieleza mbele ya watu wote, mimi mwenye miaka sitini na moja, kama anavyoelezwa mtoto. Anayelima ardhi ya ukoo usio wake humpelekea mwenye ardhi kikapu cha mazao kila mavuno. Si kodi. Ni kusema tu kwamba najua niko kwa nani. Na anayekipokea anasema, kwa kupokea, kaa ulime. Akikirudisha kimejaa, amesema ondoka.

Neno lenyewe nilikuwa nimelisikia utotoni. Nilidhani lilikufa na bibi zetu. Nilimtazama Skola aliyekuwa amekaa na mama yake kwenye mkeka karibu na mlango. Alikuwa anaangalia miguu yake. Nywele zake zote ni nyeupe sasa. Matuta yale ndiyo yaliyomlisha na kusomesha wanawe wanne, hana mahali pengine, na mimi ndiye niliyemwambia aondoke, mlangoni kwangu, huku nikitabasamu.

Nikasimama. "Nilikirudisha mimi," nikasema. "Skola hakukosa. Sikujua ni ngoto. Lakini siwezi kusema ni kutojua tu. Nilikirudisha kwa hasira."

"Hasira ya nini?" akauliza Mzee Aleksi.

Ningeweza kusema uongo. Badala yake nikasimulia njegere, homa, na ukuta usiofika juu, nikarudia maneno ya mjomba kama nilivyoyasikia. Nilipomaliza, hakuna aliyeguna.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na minne."

"Basi hasira hiyo imewazidi umri wanangu wote." Watu wakacheka kidogo, nami pia nikajikuta nacheka huku nalia. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Lakini Emiliana, alisema uongo?"

Nilifikiri. Kila neno alilosema mjomba lilikuwa kweli. Ardhi ilikuwa ya mama yake. Mkewe na binti yake walikuwa wageni kwa mila, na siku yenyewe imefika, nao wamenitazama usoni, kama alivyosema. Baba mwenye mtoto asiyeweza kurithi alifanya kitu pekee alichoweza kukifanya: alimlisha yule atakayerithi. Kwamba pia alinipenda, sidhani kama sasa nahitaji ushahidi. Mtu habebi shamba mgongoni kwenye utelezi huku akiliongelesha ili lisisinzie. Yote mawili yalikuwa ndani ya yai lilelile. Mimi nilitaka moja tu, tena safi, lisilo na sababu. Mtoto ana haki ya kutaka hivyo. Mwanamke mzima, mwenye watoto wake na hofu zake juu yao, alipaswa kuwa amekwisha kuelewa.

"Hapana," nikasema. "Hakusema uongo."

"Haya. Ngoto ya Skola unaipokea, au huipokei? Sema watu wasikie."

"Naipokea. Na ile ya misimu sita nahesabu nimeipokea."

"Huwezi kuhesabu usichokula," akasema Mzee Aleksi. "Hiyo utaitolea jogoo, tuyamalize." Vijana waliokuwa wakingoja matuta hawakufurahi, na mmoja alitoka nje bila kuaga. Lakini neno la mwenye ardhi lilikuwa limesemwa mbele ya mashahidi, na Skola akabaki shambani kwake. Kwa siku zangu, angalau. Binti yangu nimekwisha kumpigia simu Dar es Salaam, nimemweleza habari ya ngoto mara mbili, na mara ya pili nikamwambia ayarudie niliyosema.

Alasiri mimi na Skola tulikaa nyuma ya jiko tukisugua masufuria kwa majivu. Kisha nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku ile, pale mlangoni.

"Ngoto haielezwi, dada. Ukiieleza, umeomba."

"Na mjomba? Alikuja mpaka kwangu. Angeweza kusema."

Skola aliendelea kusugua. "Baba alikuwa anakuogopa," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Alikuogopa sana. Ukija Krismasi, siku mbili kabla hatulii. Ukiondoka anatuuliza: amekula? Amecheka? Mnadhani amefurahi?" Akaimwagia maji sufuria, akaigeuza juani. "Miaka yote hiyo."

Nikamwambia kwamba mimi sikuwahi kufikiria kuwanyang'anya shamba. Hata siku moja, hata nilipokuwa na hasira, wazo hilo halikunipitia.

"Mimi nilijua," Skola akasema. "Yeye hukumwambia."